Ngome Yangu ya Makaburu Kule Sugoi

Leo nimeaibika mchana kweupe. Mashahidi ni thelathini na watatu, bila kuhesabu ng'ombe. Nawaandikia mapema kabla hamjaisikia kwingine, maana watu wataongeza chumvi. (Ingawa haihitaji chumvi.)

Mnajua nafundisha historia, na mnajua nilivyo na uchungu na majengo ya kale. Hapa Eldoret nyumba za mawe za enzi za mkoloni zimepakwa matangazo ya simu mpaka madirishani, na nyingine zimeota miti juu ya paa. Nikilalamika mnaniambia nitafute bwana. Sasa, mwezi uliopita nilikuwa nikienda mazishini Sugoi, nikaona kuta za mawe shambani zimemezwa na magugu. Nikashuka. Nikazunguka. Moyo ukanidunda. Ngome! Ngome ya Makaburu, na hakuna anayeijua!

(Mimi ni mtoto wa dukani, mtaa wa Munyaka hapa mjini. Ng'ombe nimemjua kwenye pakiti ya maziwa. Kumbukeni hilo.)

Mkuu wetu wa shule ni mwalimu wa hesabu. Kwa muda mrefu amekuwa akiimezea mate saa ya klabu yangu ya historia, ile ya Ijumaa, aifanye ya hesabu. Nikamwambia, "Njoo uone klabu imegundua nini. Usiporidhika, hiyo saa chukua." Alikubali haraka mno. Nikamwalika pia afisa mmoja wa utamaduni, aje aiandikishe ngome ilindwe.

Basi leo tumefika, wanafunzi thelathini, mimi mbele na kofia yangu ya jua na kijiti cha kuelekezea. Mwenye shamba, Mzee Kiptoo, alitupokea vizuri. "Karibuni. Tembeeni tu, mimi niko hapa." Akaketi juu ya jiwe na fimbo yake.

Nikaanza na kidimbwi kidogo cha simiti kilicho mlangoni. "Hapa," nikasema, "askari walikuwa wakiosha buti kabla ya kuingia."

Chebet wa kidato cha pili, mzaliwa wa Sugoi hiyo hiyo, akanyoosha mkono. "Madam, lakini hiyo ni ya..."

"Maswali mwisho, Chebet."

Mbele ya kidimbwi kuna kuta mbili, katikati kijia chembamba cha kupita mmoja mmoja. Hapo ndipo nilipopandwa na mori. "Oneni akili ya kijeshi! Adui akishaingia humu hawezi kugeuka. Hawezi kurudi. Anasukumwa tu na aliye nyuma yake!" Nikawapanga mstari mmoja, mkuu na afisa mbele yao, tukaingia wote. Ng'ombe watatu wa Mzee wakasogea ukutani wakatutazama. (Sasa najua walikuwa wanashangaa nini.)

Chebet bado mkono juu. Na wengine kama sita. Nikafurahi kweli, nikasema moyoni, somo limewaingia leo! Nikawageukia ili niwaone vizuri, nikawa natembea kinyumenyume. Nyuma yangu kulikuwa na nyasi, kijani kibichi.

"Na mwisho wa njia hii," nikapaza sauti, "adui alikuwa anafika mahali ambapo ghafla..."

Sikumaliza. Hazikuwa nyasi. Yalikuwa ni magugu yanayoelea juu ya maji, na chini yake shimo. Nilizama na kijiti changu. Nilipoibuka maji yalikuwa shingoni, kofia inaelea kivyake, na chura amekaa juu yake ametulia kama amelipia!

"Madam!" wanafunzi wakapiga kelele.

Mzee Kiptoo akainuka bila haraka. "Mwalimu, usirudi huko. Enda mbele tu, kuna ngazi. Ng'ombe hutokea hapo."

"Ng'ombe gani?"

"Hii ni dip, mwalimu. Ya kuogesha ng'ombe, kupe wakufe. Na pale mlangoni ni pa kuosha kwato." Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Na pole sana. Siku hizi haina dawa. Umeoga bure."

Mkuu wa shule aliketi chini. Alicheka mpaka akavua miwani. Wanafunzi walijikaza (wamelelewa vizuri, maskini) mpaka nilipopanda zile ngazi kwa mikono na miguu. Hapo wakashindwa. Natiririka maji, nikawauliza, "Kwani mlijua?"

"Ndio, Madam."

"Nyote?"

"Wote. Hata kwetu iko."

"Na mbona hamkusema?"

Chebet akajibu kwa adabu zote, "Ulisema maswali mwisho."

Niliona Ijumaa yangu ikienda. Nilitaka kulia, nawaambia ukweli. Lakini afisa alikuwa ametoa daftari. Akamuuliza Mzee, "Hii nani alijenga?"

"Settler, mzungu wa hili shamba. Lakini haya mawe ni baba yangu alibeba, na mgongo. Kutoka mtoni mpaka hapa."

 Wale watoto wakamzunguka Mzee, kila mmoja na swali lake. Mawe yalibebwa siku ngapi? Alilipwa? Mzungu mwenyewe alienda wapi? Mzee akasimulia karibu saa nzima, na mkuu wetu, mtu wa hesabu, akawa anauliza kuliko wote. Mimi nilisimama juani nikikauka, nikaandika kila neno kwenye karatasi ya kuazima. Afisa akaiandikisha dip, akanipiga na picha ya kumbukumbu nikiwa na magugu kichwani.

Tukirudi kwenye basi mkuu akaniambia, "Ijumaa yako baki nayo. Lakini mwenyekiti wa klabu ni Chebet, na usifungue mdomo kabla hujamuuliza."

Nimeoga mara tatu na bado nanuka bwawa. Tafadhali msicheke. Mwenye la kusema anyooshe mkono, na safari hii nitamchagua.