Wakili Aliyenitetea Kupita Kiasi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Nidhamu ya Mawakili.

YAH: KUSHINDISHWA KESI BILA RIDHAA YA HESHIMA YANGU

Mheshimiwa, naomba barua hii ikukute mzima wa afya na ukiwa umeketi, kwa sababu yaliyomo si ya kusomwa kwa kusimama. Mimi ni mlinzi wa mchana katika ghala la magodoro, mwaka wa kumi na moja sasa, na si mtu wa kulalamika ovyo. Lakini hili la wakili limenifika hapa shingoni.

Mwezi uliopita nilishtakiwa kwa kumiliki silaha ya moto bila kibali. Silaha yenyewe niliiunda kwa mikono yangu: bomba la maji la chuma, mguu wa kiti, rangi nyeusi ya viatu, na kishikio cha droo mahali pa kufyatulia. Niliibeba begani miaka kumi na watu wakanipisha njia, wakaniita Kamanda. Siku moja akapita askari mgeni, akaniuliza kama nina kibali. Ningeweza kumweleza ukweli yakaisha. Mimi nikamwambia asogee nyuma, imejaa.

Basi nikapelekwa mahakamani, miaka saba jela ikinining'inia kichwani. Ndugu zangu wakachangishana, wakanipatia wakili, kijana mwembamba mwenye mkoba mkubwa. Akanitetea. Nikaachiwa huru. Sasa sikiliza alivyonitetea.

1. Aliomba ndoo ya maji. Mbele ya hakimu, askari, na watu waliokuja kwa kesi zao wenyewe, alichukua bunduki yangu, ambayo wakati huo ilikuwa na hadhi ya kielelezo cha kwanza, akamimina maji upande mmoja, yakatokea upande wa pili. Karani akanawa mikono. Kisha akachungulia ndani ya mtutu na kumsalimu hakimu kupitia humo. Hakimu alivua miwani, akafuta machozi, na hayakuwa ya huzuni.

2. Alimwita mama mkwe wangu kuwa shahidi. Mheshimiwa, kuna mambo mkwe anayajua na anayanyamazia kwa sababu ya adabu. Wakili alimuuliza moja moja. Mama akala kiapo na kueleza jinsi ninavyomwamsha binti yake nikisikia panya. Akaeleza kwamba kuku wake mwenye vifaranga alinikimbiza mpaka nikapanda juu ya meza, na kwamba chai ililetwa nikainywea hukohuko. Nilimkonyeza wakili apinge. Akamwomba mama arudie taratibu ili karani aandike vizuri.

3. Ukurasa wa nne wa hukumu unasema, nanukuu, "mshtakiwa hana uwezo wa kumdhuru binadamu yeyote, hata akipewa silaha halisi na maelekezo." Hayo yana muhuri wa mahakama. Nitazeeka nayo.

4. Mtaani jina la Kamanda limekufa. Majirani wananiletea mabomba yao yanayovuja, wakidhani hiyo ndiyo fani yangu. Nimekwisha kutengeneza mawili. Sikuwa na la kufanya.

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Mwenye ghala alikuwepo mahakamani. Alimwona mama mkwe akitoa ushahidi, akaona jinsi ukumbi mzima ulivyotulia alipokohoa, mpaka mwendesha mashtaka akafunga daftari lake. Jumatatu nilipofika kazini nilimkuta mama langoni, amevaa sare yangu, na kofia inamkaa vizuri kuliko mimi. Mwenye ghala amenipa siku saba nithibitishe kwamba mimi ni mtu wa kuogopwa, la sivyo lango ni la mama moja kwa moja. Leo ni siku ya tano. Asubuhi nilipojaribu kuingia, mama alinidai kitambulisho. Mke wangu anasema nisimkasirishe mama yake, yuko kazini.

Mheshimiwa, mtu aliyehukumiwa na kufungwa hutoka siku moja akasema nimelipa. Mimi nimeachiwa huru, nitalipa nini yaishe? Mlinzi asiye na hatia ni mlinzi gani? Kwa hiyo naomba kamati yako imwamuru wakili arudi mahakamani akapinge ushindi wake mwenyewe, nipatikane na hatia, hata iwe ndogo ya kunitosha tu, kifungo cha nje cha miezi sita. Pia aape kwamba alinitazama machoni akaogopa.

Na ili asije akasema hana ushahidi, namsaidia. Natamka kwa maandishi, nikiwa na akili zangu timamu, kwamba lile bomba lilikuwa la mazoezi. Nyumbani nina bunduki halisi tatu. Moja iko chini ya kitanda, ya pili iko darini, na ya tatu siwezi kusema iliko. Ndani ya pipa la unga nina bomu la mkono. Mtu wa namna hiyo haombwi kitambulisho langoni.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, makarani wako, watu wa nyumbani kwako, na huyo wakili pia, kwani binafsi sina kinyongo naye.

Wako mwenye kutafuta hatia kwa unyenyekevu,

Mlinzi (kwa sasa bila lango)

Nakala: Mwenye ghala, Mama mkwe, Mkuu wa Kituo cha Polisi.

N.B. Mheshimiwa, nilianza kugawa nakala kabla ya kukutumia wewe, kwa kuwa kituo cha polisi kiko njiani kwenda posta. Mkuu wa kituo anasoma haraka sana. Naandika haya nikiwa nimekaa sakafuni kwangu, kwa kalamu ya kuazima kwa askari. Wako sita. Chini ya kitanda wamekuta ndala, darini hawajakuta kitu ila wamevunja dari, na unga umetapakaa mpaka uani. Sasa wanataka ile ya tatu. Nimewaapia kwamba haipo, kwamba mimi ni mwoga tangu utotoni, wananiambia sahihi ni yangu. Tafadhali futa malalamiko yote, namba moja hadi tano, na umtume wakili yuleyule aje kituoni wanakonipeleka leo hii. Aje na maneno yake yote aliyosema juu yangu. Mwambie asipunguze hata moja, na kama ana mengine mabaya zaidi aliyoyaacha kwa huruma, ayalete.