Rangi Isiyonuka ya Ipuli

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Barua imefika. Masista wanapaka rangi chekechea yao, ila wanataka rangi yenye nembo ya kijani, isiyotoa mvuke wa kudhuru watoto. Kazi yangu hiyo, mimi mtengeneza rangi wa hapa Ipuli! Tatizo ni Fauzi wa Mtendeni, naye kaomba. Yeye kaachana na thina, ile dawa kali ya kulainishia rangi, anatengeneza rangi ya maji na kujisifu sokoni. Mimi pia nilipunguza thina. Rangi ikawa nzito kama ugali wa jana. Nimeirudisha thina yote.

Magreth, mke wangu, anasema kifua cha binti yetu Julieth kinazidi kubana, na daktari amelaumu rangi zangu. Zisipokuwa salama, anamhamishia mtoto kwa bibi yake Kaliua. Nimemwambia Julieth ana miaka minne tu, atazoea.

Jumanne, 2 Septemba
Nimepata! Nta ya nyuki. Nimeyeyusha sufuria nzima ndani ya rangi, harufu ya thina ikapotea. Nimepaka stoo inayopakana na chumba cha Julieth. Kwa utaratibu, stoo ifungwe siku tatu, kisha mkaguzi wa nembo ya kijani aje kupima hewa. Nimefunga mlango. Nimeacha tundu dogo chini ya paa, mvuke utoroke kwa siri.

Magreth akauliza kama nimesahau marehemu baba yangu alivyopaka nta kwenye mizinga mitupu ili nyuki wahamie. Nikamjibu hii ni sayansi.

Alhamisi, 4 Septemba
Nyuki. Kundi zima, wanaingia tunduni. Magreth kaanza kukunja nguo za Julieth. Afadhali angefoka.

Julieth kakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Niliogopa sana, siwezi kujidanganya. Nikasema ni vumbi.

Jioni stoo kimya. Nyuki wameondoka! Mungu yuko upande wangu.

Ijumaa, 5 Septemba
Mkaguzi kaja, mama mpole. Fauzi naye nyuma yake, eti kaja kujifunza. Nikafungua mlango kwa mbwembwe.

Nyuki hawakuondoka. Walikuwa sakafuni, wote wamekufa, wamelaliana. Mkaguzi hakuwasha hata kifaa chake. Aliuliza tu nani analala upande wa pili wa ule ukuta. Magreth ndiye aliyejibu.

Fauzi akanipa pole, na ilitoka moyoni. Hilo sitamsamehe.

Jumapili, 7 Septemba
Magreth na Julieth wameondoka na treni ya Kaliua. Julieth alinipungia mkono dirishani huku anakohoa. Nimerudi nyumbani nikakaa kitandani kwake, nikalia.

Baadaye nimefagia nyuki. Madebe mawili! Nikasimama na ufagio, nikawaza. Rangi iliyoua kundi zima kwa siku moja itashindwa na mbu? Rangi ya kuua mbu! Nani ataiuliza nembo ya kijani? Nimeshabandika jina jipya kwenye makopo.

Kesho naanza na chumba cha Julieth. Nitapaka rangi mikono mitatu, moja juu ya nyingine, akirudi alale bila kuumwa na mbu hata mmoja.