Mkanda na Bustani Yake ya Kioo

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu ametoa sharti. Nyoka wangu, Mkanda, atabaki sebuleni iwapo tu tangi lake la kioo litapendeza kama bustani. Vinginevyo Jumamosi anarudi kwa aliyeniuzia. Nikaeleza kwamba Mkanda hana sumu wala makuu. Hakusikiliza.
Nimemwaga changarawe chini, udongo juu, gogo katikati. Nimepanda mimea midogo inayopenda kivuli, niliyonunua kwa muuza maua. Pamependeza mno. Shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuja kukaa siku mbili tatu na bado yupo, alisimama akatazama kwa muda mrefu. Sikupenda.

Jumanne, 4 Machi
Mimea imeng'olewa! Mizizi juu, majani chini. Shemeji alikuwa mezani anapaka mkate siagi, ametulia tuli. Mtu asiye na hatia hatulii hivyo.
Nimepanda upya. Nimemwagilia. Nimemwagilia tena, kwa usalama.

Jumatano, 5 Machi
Leo mimea imesimama, lakini si pale nilipoiacha. Mmoja wa pembeni umehamia nyuma ya gogo. Mtu anacheza na akili yangu.
Nikanyunyiza unga sakafuni kuzunguka tangi ili ninase nyayo. Hadi jioni zilijaa kila mahali! Nikazichunguza kwa makini. Ni zangu. Nilikuwa nakwenda kila mara kuhakikisha unga bado upo.
Mke wangu akauliza nani kamwaga unga. Nikasema aulizwe kaka yake.

Alhamisi, 6 Machi
Majani yanageuka njano. Nikaenda kumlalamikia muuza maua. Akasema maji yamezidi, na kwamba hata shemeji yangu alimwambia hivyo hivyo juzi.
Kumbe wanajuana! Sasa kila kitu kiko wazi. Mmoja anaharibu, mwingine anauza.

Ijumaa, 7 Machi
Nikaamua kumficha Mkanda kabla hawajamgusa. Nikamtia ndani ya foronya, nikaifunga, nikaiweka chini kabisa kwenye tenga la nguo chafu. Shemeji hawezi kufika huko. Tangu aje hajafua hata leso. Kisha nikajibanza nyuma ya pazia kulinda tangi tupu.
Mpango ulikuwa mzuri. Ila mke wangu alikuwa ameamua kufua.
Nilisikia ukelele. Nilipofika uani, mke wangu alikuwa juu ya kigoda, na Shemeji amepiga magoti mbele ya beseni. Alimtoa Mkanda majini taratibu, akamfunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Bahati nzuri sabuni ilikuwa haijatiwa.
Nilitegemea anicheke. Hakucheka.
"Shemeji, anayeng'oa mimea ni Mkanda mwenyewe," akasema. "Anapenda kuchimba. Mimi naamka mapema naipanda tena, nabana mizizi kwa mawe, ili dada asije akamfukuza."
Mke wangu akanikazia macho.
"Nyoka atabaki," akasema, bado yuko juu ya kigoda. "Wewe muombe kaka yangu msamaha. La sivyo, kesho utakayerudishwa kwenu ni wewe."

Jumamosi, 8 Machi
Nimeomba msamaha. Shemeji akanisamehe pale pale, akanishika bega. Haraka mno. Mtu hasamehe haraka hivyo bila sababu.
Halafu akatangaza kwamba amepata kazi kwenye kitalu cha yule muuza maua, na kesho anahama. Mke wangu akalengwalengwa na machozi. Mimi nikabaki najiuliza anakimbia nini.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji ameondoka. Amemwachia Mkanda zawadi ya kumuaga: mmea wa majani mekundu, ameupanda kwa mikono yake mwenyewe karibu na gogo. Mke wangu anasema sebule haijawahi kupendeza hivi. Mkanda alijizungusha hapo hapo, akalala.
Mke wangu alipotoka kumsindikiza kaka yake, nilimsogeza Mkanda, nikaung'oa mmea nione kaficha nini chini yake.
Hakuna kitu. Udongo mtupu.
Mjanja sana yule.