Pepo wa Gurudumu la Nyuma Kushoto

Jumatatu, 16 Juni

Nimeibiwa upepo. Pauni kumi na mbili, gurudumu la nyuma kushoto, kati ya jana jioni na leo alfajiri. Niliacha thelathini na mbili, nimekuta ishirini. Kipimo nilinunua mwenyewe, kwa jasho langu. Hakidanganyi.

Na wiki gani hii! Madam Wairimu, mwalimu mkuu wa shule ya huko njia ya kwenda mji wa Hindi, amenipa wiki moja ya majaribio. Kila asubuhi nawabeba walimu wake wanne wakishuka boti hapa Mokowe. Nikiwahi siku zote, kazi ni yangu hadi Desemba. Nikikwama hata mara moja, ni ya Kamaludin. Kamaludin ni jirani yangu, gari lake hulala kando ya langu, ukuta mmoja. Sihitaji polisi kuniambia nani anafaidika.

Mke wangu Roselyn amesema nipake maji ya sabuni, nione panapotoka mapovu. Nimemwambia huyu ni mwizi, si pancha. Nimechukua rangi yake ya kucha, nikachora mstari mwekundu kutoka kifuniko cha valvu hadi shingo yake. Akikigusa tu, nimemshika!

Jumanne, 17 Juni

Mstari mzima. Upepo ishirini. Kwa hiyo anafungua na kufunga kwa usahihi wa fundi saa! Sikujua ana kipaji hicho.

Nimepampu hadi shati likalowa. Walimu wamewahi. Roselyn anadai rangi yake. Ametaja sabuni tena.

Hila mpya. Jioni nimehamisha gurudumu. La nyuma kushoto sasa liko mbele kulia. Aje apapase asikokujua.

Jumatano, 18 Juni

Ajabu! La nyuma kushoto, thelathini na mbili kamili. La mbele kulia, ishirini. Amelifuata gurudumu lilelile, kati ya manne! Binadamu wa kawaida haliwezi hilo.

Nikiwa napampu, Kamaludin akatokea na kikombe chake cha kahawa. Akainama, akatega sikio kwenye tairi. Akasema, "Pepo zatoka nde, Bwana Niko. Pole pole. Husikii?" Akaenda zake, bila haya.

Nimekaa Lamu miaka mitano, Kiamu kimeniingia. Nti ni nchi. Ndia ni njia. Nde ni nje. Na pepo ni pepo. Amekiri kwa kinywa chake! Sasa naelewa alivyolijua gurudumu. Hakulijua yeye. Alimtuma mtu asiye na miguu.

Alhamisi, 19 Juni

Sikufika hapa nilipo kwa kukata tamaa. Nilipowashusha walimu nikaenda moja kwa moja kwa Pasta Fanuel. Akasema yeye huombea watu, haombei tairi. Nikamwambia ndani ya gari mna walimu wanne, nao ni watu. Akakuna kichwa, akaja. Akaomba maji.

Roselyn, bila kuambiwa, akaleta beseni alilokuwa akioshea vyombo. Uso wake ulitulia mno. Pasta akamimina. Pale kwenye valvu yakatoka mapovu, moja, mengine, mfululizo, makubwa kama gololi. Roselyn akaniuliza kama naona.

Nimeona! Nikapiga kelele: anatoka! Anatoka!

Kamaludin, kwa juu ya ukuta, akauliza gari linabatizwa jina gani. Pasta akasema amina haraka kuliko desturi yake, akapanda pikipiki. Roselyn amebwaga beseni na kusema maneno ambayo siyaandiki.

Sipampu tena. Kupampu sasa ni kukosa imani.

Ijumaa, 20 Juni

Sikupima. Nani hupima baada ya maombi?

Tuliondoka jeti ya boti vizuri. Hatukufika mbali, gari likaanza kuyumba kama mlevi. Rimu juu ya kokoto! Walimu wanne juani, mmoja ameshapiga simu. Kamaludin akapita, akasimama, akawapakia wote. Ujumbe wa Madam Wairimu: asante kwa juhudi, kuanzia Jumatatu ni Bwana Kamaludin.

Halafu akarudi! Akafungua kijiti cha ndani ya valvu, akanionyesha raba yake ilivyokatika, akatoa kipya mfukoni, akafunga, akajaza. Hakutaka hata shilingi. Akasema, "Si nalikwambia pepo zatoka? Wewe ukamwita pasta!" Eti kwao pepo ni huu upepo tu. Eti shetani ana kazi gani na gari kuukuu kama langu.

Eti.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi thelathini na mbili. Adhuhuri thelathini na mbili. Jioni hii, thelathini na mbili.

Hebu piga hesabu. Wiki nzima upepo unapotea. Kamaludin anapata kazi. Upepo unaacha kupotea siku hiyohiyo! Na kijiti kipya kilikuwa mfukoni tayari. Alijuaje? Nimemweleza Roselyn, amecheka hadi akakaa chini.

Nimebandika karatasi kwenye kioo cha gari lake: "Bwana Kamaludin, upepo wangu uliutoa au hukuutoa? Nataka neno moja, ndiyo au la. Bila hadithi, bila kahawa. Kesho Jumapili, saa kumi kamili jioni, nitakuwa nimesimama hapa."