Hotuba ya Kufungua Kituo cha Kisasa cha Mazoezi Makali, Nakuru

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Andalizi, Mheshimiwa Naibu Mwenyekiti wa kamati hiyo hiyo, wazee wa Nyumba Kumi, viongozi wa dini mliofika na mliotuma udhuru, Bi. Safiyo na akina mama wa Bondeni, stakeholders wote, na Coach Jepkosgei pamoja na kikundi chako mlioketi hapo kwenye nyasi: hamjamboni? (Hatujambo!) Ambaye sijamtaja, ajitaje mwenyewe kwa sauti ya chini. (Kicheko.)

Mimi, Jamleck Thuo, Mkurugenzi wa Ustawi wa Mwili na Masuala Mengineyo, nasimama hapa nikiwa mwepesi kuliko mlivyonizoea. Kwa mujibu wa takwimu ambazo nimezikusanya mimi na kuzithibitisha mimi, asilimia tisini na tatu ya wakazi wa Nakuru wanapumua vizuri zaidi tangu nishike wadhifa huu. (Makofi machache.)

Niwaeleze mradi huu ulivyozaliwa. Mwezi wa pili lifti ya ofisi yetu iliharibika, nami kama kiongozi wa vitendo nikapanda ngazi kwenda orofa ya tatu. Nilifika ya pili. (Kicheko.) Macho yaliingia giza, nikaketi kwenye ngazi, na muuguzi aliyeitwa alinipima, akapata presha mia moja na tisini kwa mia moja na kumi na tano. Akanipa dawa, akasema nianze kutembea kila siku. Nikaona kutembea hakulingani na cheo changu. Nilitaka kitu chenye impact.

Basi Jumamosi moja asubuhi nikaja uwanja huu na raba mpya, na dereva wa kunishikia chupa ya maji. Coach Jepkosgei akanitazama. "Mzee, umepimwa presha?" Nikamjibu, "Niko sawa kabisa." Hapo nilidanganya, na nasema hivyo nikiwa na mamlaka kamili. (Kicheko.) Akatueleza: sekunde ishirini unaruka kwa nguvu zako zote, kumi unapumzika, raundi nane, dakika nne zimeisha. Dakika nne! Mimi ambaye nimeongoza mikutano ya saa tisa mfululizo bila kuinuka kitini!

Raundi ya kwanza niliruka vizuri sana, picha zipo. Raundi ya pili Mama Wachuka, muuza mboga wa miaka sitini na mitatu, aliruka kando yangu huku akiniuliza habari za nyumbani. (Vigelegele. Wachuka: "Na hukunijibu!") Ningejibu na pumzi gani, mathe? Raundi ya tatu kifua kilibana, nikaanguka kifudifudi. Coach alisimamisha kila mtu, akanigeuza, akamwita dereva alete gari mpaka hapa kwenye nyasi, akapanda nyuma nami. Njiani nikamwambia, "Mwambie mke wangu..." nikashindwa kumaliza. Akasema, "Utamwambia mwenyewe, boss. Pumua na mimi. Ndani. Nje."



Nililazwa siku nne. Siku ya tatu Coach alikuja na ndizi, akavuta kiti, akaniambia, "Mazoezi makali si ya kuonyesha watu. Ni kama hiyo dawa yako, yana kipimo. Huo moyo haujui wewe ni mkurugenzi. Ungeniambia ukweli, ningekuanzisha na kutembea." Waheshimiwa, niligeukia ukuta, na sitasema katika hadhara hii nilifanya nini huko ukutani.

Nilipotoka tulianza kutembea, yeye na mimi, kutoka kwangu Milimani kuelekea hapa, dakika kumi, baadaye ishirini. Wiki ya kumi na mbili daktari akaniruhusu sekunde kumi za kuruka kwa nguvu. Leo presha yangu ni mia moja na thelathini na mbili kwa themanini na nne! (Makofi makubwa.) Nikamuuliza Coach anataka nini. Akasema, "Paa tu, mvua isitufukuze."

Lakini ofisi yangu haifanyi mambo madogo. Paa hilo tulilipandisha likawa ghorofa mbili, tukaliingiza kwenye strategic framework, likapata feasibility study, public participation, na ziara ya benchmarking, yaani kujifunza kwa wenzetu, ya siku kumi na mbili kule ziwani Kamere, ambako hakuna gym ila samaki ni freshi. Ripoti yasema tumekamilisha asilimia mia moja na nne. Hiyo nne ya ziada ni kujitolea kwangu. (Jepkosgei: "Sasa boss, paa liko wapi?") Swali zuri sana, Coach, na litashughulikiwa kikamilifu katika phase two.

Afya! (Juu!) Jasho! (Letu!) Kituo! (Kiko wapi?)

Asanteni kwa moyo huo. Kwa kumalizia namshukuru mkandarasi, ambaye siku tutakayempata atafanya kazi nzuri. Namshukuru Mheshimiwa Mwenyekiti kwa kushika utepe upande huu na Naibu wake upande ule, maana hatukuona mlango wa kuufungia. Nikishaukata, tafadhali msisukumane. Ingieni kutoka upande wowote.