Utafiti Wangu wa UTI Sugu

Jumatatu, 9 Juni

Umaskini basi! Maboksi manne ya mitishamba ya Kichina yamefika kutoka Mwanza. Dawa hiyo inatibu UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, hata ile sugu. Nimeyapeleka moja kwa moja kwa Salwa, mwenye duka la dawa hapa Rubwera, nikamwomba nafasi kwenye rafu ya mbele, usawa wa macho. Akageuza boksi, akatazama maandishi ya Kichina, akauliza ushahidi uko wapi. Nikamwonyesha picha ya figo. Akasema hilo linaweza kuwa haragwe. Wateja wawili wakacheka. Anataka watu kumi wenye vipimo vya maabara, kabla na baada, ndipo aiweke dawa rafuni. Nani aliwahi kuombwa ushahidi wa mchaichai? Sawa. Ataupata.

Jumanne, 10 Juni

Nimeazima pikipiki ya shemeji Mbonimpa, nikaenda kijiji cha Songambele. Nilisubiri kwaya ya kanisa imalize mazoezi, nikauliza nani mkojo unamchoma. Hakuna hata mkono mmoja ulioinuka. Lakini nilipokwenda kuwasha pikipiki, wakaanza kunifuata mmojammoja nyuma ya migomba. Kufika saa nane nilikuwa nao kumi, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Nimewatuma kituo cha afya wakapimwe kwanza, waniletee karatasi. Kisha nikawagawia pakiti: kijiko asubuhi, kijiko jioni, siku saba. Nilijiona profesa.

Jumatano, 11 Juni

Mkojo unachoma. Mkojo wangu! Mwingine angelia, mimi nimefurahi: mgonjwa wa kumi na moja nimempata nyumbani. Nikaenda kupima, nikachukua karatasi, nikatoroka kabla ya kumwona daktari. Mke wangu Sperancia kaniambia nirudi nikatibiwe. Nikamweleza kuwa mtafiti hakimbii utafiti wake. Akauliza nani alinipa utafiti. Nikachota kijiko cha kwanza. Dawa ni chungu na inanuka kama gunia la kahawa lililonyeshewa.

Jumamosi, 14 Juni

Ziara ya kukagua wagonjwa. Kila nyumba nakaribishwa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi ya kwetu, kila nyumba dawa inasifiwa. Mama Anatolia, mkubwa wao kwa umri, amepona siku ya pili. Ya pili! Mimi niko siku ya nne na naenda chooni kila robo saa. Mashimo ya barabara yalinitoa machozi. Pengine mwili wangu ni mkaidi tu. Nimeongeza vijiko viwe vitatu.

Jumanne, 17 Juni

Karatasi kumi za vipimo vya baada, zote safi! Nimeingia kwa Salwa kama bwana harusi, ingawa nilitembea nimebana magoti. Akazisoma zote. Akauliza kama nimewahoji wametumia nini kingine. Wivu huo! Akaongeza kuwa macho yangu ni mekundu na natetemeka. Nikamwambia ni furaha.

Jumatano, 18 Juni

Nimerudi Songambele. Nikampa Mama Anatolia shikamoo, nikamuuliza swali la Salwa. Akacheka kwa aibu. Kumbe siku ile nilipowatuma kupimwa, walikutana wote kituoni, wakapewa na dozi ya vidonge palepale. Wote kumi! Wakameza mpaka wakamaliza. Pakiti yangu yeye aliimwaga kwenye shina la mgomba, na wenzake tisa nao hawakuionja.

“Mwanangu, umetoka mbali na mzigo wako,” akaniambia. “Tungekwambiaje?”

Nikauliza mgomba unaendeleaje. Akasema hajaona tofauti.

Kwa hiyo katika wilaya nzima ya Kyerwa aliyekunywa dawa hii ni mtu mmoja, na huyo mtu ni mimi. Nilitaka kucheka, nikatapika. Mama Anatolia ndiye aliyeniitia bodaboda.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika nikiwa wodini. Maambukizi yamepanda hadi kwenye figo. Daktari kasema ningechelewa siku mbili zaidi, Sperancia angekuwa anapokea wageni wa msiba. Sperancia alilia, akanigombeza, akalia tena. Niliogopa kweli. Nimemshika mkono, nikaapa kuwa mambo ya mitishamba nimeyaacha mpaka kufa. Nachomwa sindano, na nasema asante kila ikichomoka.

Jumanne, 24 Juni

Homa imekwisha. Wamenipima tena: safi kabisa. Nikamwomba mtu wa maabara karatasi yangu. Nimeipanga kitandani pamoja na zile kumi, nimehesabu mara mbili ili nisimwonee mtu. Waliogawiwa dawa ya Kichina: watu kumi na mmoja. Waliopona: watu kumi na mmoja.

Na Salwa alitaka kumi tu! Sperancia akitoka kuninunulia uji, namtumia Mbonimpa ujumbe aniletee pikipiki.