Enjenia wa Mabua

Polycarpe alipoona mifuko ya kuoteshea uyoga, iliyokwisha kuvunwa, imetupwa nyuma ya soko la Kadutu, alisimama kwa heshima kama mtu aliyekuta altare njiani. Wengine waliona takataka. Yeye aliona ng'ombe.

Na kweli alihitaji ng'ombe. Papa Patrice, baba wa mchumba wake Virginie, alikuwa amesema wazi: ng'ombe wa mahari mlangoni kabla mwezi haujaisha, la sivyo binti ataolewa na Chrispin, muuza simenti. Polycarpe, katika maisha yake yote ya hila, hakuwahi kumiliki hata kuku.

Akaiponda ile takataka, akaitia katika vifuko, akaazima koti jeupe la muuza nyama, akaligeuza ili damu ikae ndani, akapanda pikipiki hadi kijiji cha Kavumu. Mavuno ya mahindi yalikuwa yamekwisha, na nyuma ya nyumba ya mfugaji mmoja, Papa Télesphore, mabua yalikuwa kilima.

"Papa, haya mabua utayafanya nini?"

"Kuyachoma. Iko ngumu kama miti, ngombe hawayawezi."

"Usichome! Miye niko enjenia wa uyoga. Unayakatakata, unayaloweka mu maji ya moto, unachuja, unachanganya na hii dawa, unafunga mu mifuko. Kisha majuma tatu, yatakuwa laini kama mukate. Uyoga unakula ule ugumu, ngombe anakula yenye inabaki."

Hayo aliyasikia katika semina moja aliyohudhuria kwa ajili ya sambusa. Hakuamini hata neno, ndiyo maana aliyasema vizuri sana.

Macho ya Télesphore yaling'aa. "Na majirani zangu? Utawauzia?"

"Ukinipa ngombe mumoja, naapa sitaitengeneza tena, wala kumufundisha mutu."

"Andika."

Polycarpe akaandika, akatia sahihi yenye mikia mitatu. Akaletewa ng'ombe mwenye pembe nzuri ajabu. Alizikagua pembe, akakagua mkia, akaondoka upesi, akimhurumia yule mzee kwa muda wa hatua kumi hivi.

Papa Patrice hakuangalia pembe. Alifanya anachofanya mtu yeyote aliyekulia kwa ng'ombe: alimfungua mdomo.

"Meno iko wapi?"

"Meno?" enjenia aliuliza.

"Huyu ni bibi ya bibi! Atakata majani na nini, na masikio? Nakupa mpaka Paska. Akinona, Virginie ni wako. Akikufa, umuzike weye mwenyewe."

Kwa majuma matatu Polycarpe alimpikia ng'ombe viazi, yeye akala maganda. Ng'ombe alikonda, mpishi akakonda zaidi. Hatimaye alirudi Kavumu kudai haki, maana hakuna kinachomuumiza tapeli kama watu wasio waaminifu.

Alimkuta Télesphore anafungua mifuko. Mabua yalikuwa meupe, laini, yananukia uyoga mbichi, na ng'ombe waliyavamia kama wageni wa harusi. Kumbe ile takataka ilikuwa bado hai.

"Papa, ulinipa ngombe bila meno!"

"Enjenia, uliniuliza juu ya meno?"

Polycarpe aliyaminya mabua kwa vidole. Hata ng'ombe asiye na jino angeweza kuyala. "Basi nifundishe vile ulifanya. Miye nilisahau."

"Uliapa hautaitengeneza tena. Karatasi iko mu nyumba."

"Nifanye nini sasa, Papa?"

"Kazi iko. Chukua panga ile pale, ukate mabua, nitakulipa mufuko moja."

Basi kila Jumamosi Polycarpe alikata mabua tangu asubuhi, na jioni alirudi Kadutu na mfuko wa mabua laini kichwani. Mbavu za ng'ombe zilianza kujificha, moja moja.

Jumamosi ya nne wafugaji walikuja kutoka vilima vya jirani kuona maajabu. Maman Micheline, mwenye ng'ombe saba, alimnyooshea Polycarpe kidole. "Na yule kijana mwenye koti jeupe ni nani?"

"Polycarpe?" Télesphore alimtazama kwa upole. "Aliniomba nimufundishe. Kichwa iko ngumu kidogo, lakini mwishowe atajua."

Polycarpe alitaka kupaza sauti kwamba mwalimu ni yeye. Lakini Paska ilikuwa imebaki majuma mawili. Akakata bua lingine.